Saa nimekutumia, ila isikudanganye kama ilivonidanganya mimi

Shosti mambo,

Ile saa ya kupima kimo, ya kwenda nayo Kilimanjaro na kundi lenu, nimempa konda jana jioni pale stendi ya Magufuli, iko ndani ya kopo la Blue Band nimeizungushia kipande cha kanga, kwaio ukipewa kopo usije ukaliacha hapo ofisini kwao ukadhani nimekutumia siagi. Kopo na kanga vyako, saa narudishiwa. Najua we ni mtu wa kuvaa kwanza maelekezo baadae, ila hii naomba usome mpaka mwisho maana hiyo saa ishanigombanisha na ndugu, nitakuja kukwambia.

Kwanza ujue kitu kimoja, hiyo saa haijui mlima. Ungeipandisha ngazi za ghorofa, ungeipandisha Meru, yenyewe inajua hewa tu. Ubavuni kuna kisehemu kina kitundu kidogo, hapo ndo inapima presha ya hewa, ile tuliyokuwa tunakaririshwa shuleni kanieneo sijui kizio chake nini. Ukiwa Coco Beach hewa yote iko juu ya kichwa chako inakukandamiza, presha inacheza kwenye hektopaskali 1013 hivi. Ukipanda, ile hewa nyingine unaiacha chini ya miguu, kwaio inayokukandamiza inapungua. Huku pwani ukipanda mita 8 au 9 inashuka hektopaskali moja, kule kileleni Kilimanjaro hewa nyepesi mpaka upande kama mita 15 ndo ishuke hiyo moja. Saa inasoma presha alafu inapiga hesabu kurudi nyuma, "presha hii, basi tuko mita kadhaa". Ni kukisia kwa akili, ila ni kukisia.

Na sio akili mpya. Mwaka 1648 huko Ufaransa Blaise Pascal alitaka kuhakikisha hili jambo, ila yeye yuko Paris na afya yenyewe mgogoro, akamwandikia shemeji yake Florin Périer ampandie mlima unaitwa Puy de Dôme na mrija wa zebaki wa kupimia hiyo presha (mashemeji kutumwa hakukuanza leo shosti). Kule juu zebaki ikashuka kama sentimita 8. Lakini kilichonifurahisha mi sio hicho, ni kwamba kabla ya kupanda Périer aliacha mrija mwingine chini bondeni, akamwambia mtawa mmoja auangalie kutwa nzima kama unasogea. Haukusogea. Ndo wakajua kwamba ile zebaki ya juu imeshushwa na mlima na sio na hali ya hewa ya siku ile. Sasa we kwenye mkono huna mtawa. Saa yako ikiona presha imeshuka haiwezi kujua ni wewe umepanda au ni mvua inakuja, yenyewe itakwambia umepanda tu.

Haya sasa Meru. Unakumbuka nilivokwenda na binamu yangu, yule anayejifanya kanyamaza mpaka leo. Pale geti la Momella nikaiseti kwenye 1,500, tukaanza na askari wa hifadhi na bunduki yake maana nyati wako pale pale njiani wanakuangalia kama unawadai. Tukafika kibanda cha Miriakamba saa kumi kasoro jioni, kibao kinasema 2,514 saa inasema 2,490. Nikaona aah, mita ishirini na kitu ni nini, nikairekebisha kwa raha zangu. Kesho yake Saddle Hut kibao 3,570, saa 3,540. Nikarekebisha tena, hiyo ilikuwa kama saa nane mchana, nikajiona mtaalamu.

Usiku nikaamka kwenda chooni, saa nne usiku, nikaangalia saa, 3,545. Yani kibanda kimezama mita 25 na sisi tumelala ndani! Nikajua imeharibika, mtumba wa Kariakoo ndo huu. Nilivorudi Dar ndo nikaja kuelewa kwamba haikuwa imeharibika, sehemu zetu hizi za karibu na ikweta presha inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama bahari inavojaa na kupwa, jua linapasha hewa ya juu huko basi hewa yote inayumba. Inajaa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, inapwa kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kila siku, hata kama hakuna wingu. Ikijaa saa inadhani umeshuka, ikipwa inadhani umepanda. Wazungu wa kwao wakiona saa imehama mita 25 wanasema hali ya hewa inabadilika, huku kwetu sio lazima, inaweza ikawa ni saa nne usiku tu.

Sikuirekebisha. Tukaondoka saa nane usiku, ukungu, baridi, taa za kichwani zinaangaza kama mita tatu mbele. Ukingo ule wa Meru sikudanganyi, upande huu majivu upande huu shimo, na hatuoni kilele wala nini, kwaio kila mtu anauliza mimi, bado mita ngapi, bado mita ngapi, na mi nilikuwa nasikia raha kuulizwa. Kwenye saa kumi na moja na nusu binamu akakaa chini kwenye jiwe akaniuliza, nikabonyeza, 4,400. Kilele ni 4,566. Nikamwambia bado mia na sitini na sita. Gaidi wetu (wa mlima sio yule wa kwenye taarifa ya habari) akasema hapana bado kidogo, hii ni nusu saa, kama dakika arobaini hivi kwa mwendo wenu. Binamu akamwangalia gaidi, akaiangalia saa, akasema gaidi ananipa moyo saa haina sababu ya kunidanganya, akageuka akashuka na gaidi msaidizi.

Shosti, dakika thelathini na tano niko kileleni, pale kwenye kibao cha Socialist Peak. Saa inasema 4,510. Yani alivogeuka alikuwa kabakiza kama mia na kumi. Jua likachomoza Kilimanjaro ile pale inaelea juu ya mawingu, nzuri mpaka nilitaka kulia, na nikajua nikishuka nikamwonyesha picha ndo itakuwa kesi.

Sasa kwanini ilidanganya karibu mita 56. Ile habari ya kujaa na kupwa ilichangia kidogo tu, kosa kubwa ni la joto na hili ndo nataka uelewe. Hesabu iliyomo ndani ya saa imetengenezwa kwa hewa ya kwenye vitabu, ambayo usawa wa bahari ni nyuzi 15 alafu inashuka nyuzi 6 na nusu kila kilomita. Nyuzi 15 usawa wa bahari! We umewahi kuona Dar nyuzi 15? Kwa hesabu hiyo hiyo pale Kibo Hut, kibanda cha mwisho Kilimanjaro, ingekuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, wakati kiukweli kwetu usiku inazungukia kwenye sifuri au chini yake kidogo. Hewa yetu ni ya moto kuliko ya kitabu, na hewa ya moto imetanuka, kwaio ili presha ishuke hektopaskali moja unapanda zaidi ya ambavo saa inafikiri. Matokeo yake milima ya kwetu saa inakupunja kila siku, kama mita 5 kwenye kila mia uliyopanda. Kati ya geti na Miriakamba ilinipunja kama hamsini, ila jioni presha ikawa imepwa ikanirudishia nusu ndo maana nikaona kosa dogo nikajisifu. Makosa mawili yalikuwa yanafichana shosti, mimi naona moja tena dogo.

Kwaio we kwenye njia yenu ya Marangu ufanye hivi. Kila penye kibao chenye namba, simama, bonyeza ALTI, alafu shikilia ADJUST mpaka namba zianze kumeta, weka ya kwenye kibao. Vibanda vya kulala ni Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo ni 4,700 na kitu soma kibao chenyewe. Usiseti jioni ukasema nimemaliza, seti tena wakati wa kuondoka, kile kibanda hakijahama hata kama saa inasema kimehama. Usiku wa kilele ukitoka Kibo ukifika Gilman's, pale ukingoni juu, utaona saa imekupunja kama hamsini hivi, usichoke roho, weka 5,685 endelea, kutoka hapo mpaka kilele cha Uhuru ni mita 210 tu za kupanda japo njia inazunguka ukingo na inachosha. Pale juu kibao kinasema 5,895, hiyo ni ya vipimo vya 1952, walivopima kwa GPS 1999 wakapata 5,892 na 2008 ikapungua tena mita moja, lakini nani atabadilisha namba ambayo nchi nzima tumeikariri, we weka 5,895.

Usiniulize kwanini nisitumie simu. Simu baridi inaiua betri, na hata ikiwa nzima GPS haina uhakika kwenye kimo kama ilivo kwenye ramani. Simu yangu ile ya zamani nikiwa Coco Beach nimesimama kwenye mchanga ilikuwa inaniambia niko mita ishirini na kitu chini ya bahari, kumbe baadhi zinapima kuanzia umbo la dunia la kimahesabu na sio usawa wa maji, na kwetu huku hivo viwili vimepishana.

Kitu ambacho hiyo saa inakufaa kweli hata bila vibao ni mwendo. Kosa la mita hamsini linasumbua ukiuliza tuko wapi, ila ukiuliza ndani ya hii saa moja tumepanda ngapi, halikusumbui sana. Usiku ule wa Kibo ukiona umepanda mita 300 kwa saa moja basi unakimbia, punguza, wanaofika vizuri wanakwenda kwenye mia mbili au chini yake. Marangu inakurusha kama mita elfu moja kila siku kutoka kibanda mpaka kibanda, na ukishapita 3,000 hiyo ni nyingi kwa mwili, ndo maana nakusihi msikatae ile siku ya ziada Horombo hata kama mhasibu wenu analalamika hela. Mnapanda mpaka Zebra Rocks kwenye 4,000 mnakaa kidogo mnarudi kulala chini. Na kichwa kikikuuma kikagoma kuacha, unatapika, unayumba, hapo saa weka mfukoni msikilize gaidi, pale kileleni pumzi moja ina oksijeni kama nusu ya ile unayovuta huku Dar na hakuna namba itakayokusaidia.

Vidogo vidogo: kitundu kisijae losheni wala tope. Ile temparecha inayosoma ni ya mkono wako, ukitaka ya hewa ivue uiache nje dakika ishirini. Upepo ukiwa unavuma wa kukusukuma usisome saa, namba zinarukaruka. Kabla ya kumjibu mtu bonyeza upya, isije ikawa ni namba ya nusu saa iliyopita. Ukiipokea huko Dodoma itasema elfu moja na kitu, iko sawa, niliiweka sifuri hapa baharini alafu basi likaipandisha yenyewe.

Na la mwisho nililokuwa nazungukazunguka. Binamu kajiandikisha kwenye kundi lenu la tarehe 9 Disemba. Kanificha, nimeambiwa na mama yake. Anasema safari hii anafika Uhuru siku ya Uhuru na asimuone mtu na saa yenye namba. Kwaio we ivae chini ya mkono wa jaketi, na akikuuliza bado mita ngapi mwambie hujui, amuulize gaidi. Ila mkishapiga picha pale kwenye kibao, kabla hujairekebisha, niandikie pembeni saa ilikuwa inasema ngapi, nataka kujua safari hii imepunja ngapi.

Ukipokea kopo nibipu.

Shosti wako wa Tabata