Risala ya Wakazi kwa Mgeni wa Heshima, Uwanja wa Hospitali ya Zamani, Nakuru

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa, akina mama, vijana na majirani wote, hamjambo. Karibu sana, Mheshimiwa. Umeacha kazi nyingi ukaja kusimama nasi chini ya miti hii, na hilo hatulichukulii kwa wepesi.

Kikundi chetu kilizaliwa hospitali ilipofungwa na lango kutiwa mnyororo. Tangu hapo tumefanya makubwa. Tumefyeka kichaka chote cha upande wa barabara, tumepanda miche ya mijakaranda, tumepata cheti cha usajili, na vijana wetu wamewakimbiza wezi wa mabati. Hakuna mtaa hapa Nakuru uliolinda ardhi ya umma kama huu.

Tunashukuru kwa nyumba 605 za bei nafuu zilizojengwa mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru. Tumefurahi pia kusikia kwamba hapa patakuwa na nyumba za watu wa vipato mbalimbali, pamoja na bustani. Hatupingi. Ombi letu ni moja tu, Mheshimiwa: maandishi.

Kabla uzio haujasimama na tingatinga halijaingia, tupewe ramani yenye sahihi, inayosema nyumba ngapi ni za nani, na bustani inaanzia wapi hadi wapi, bikoni, yaani alama za mipaka, zikiwa ardhini. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inatambua nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Hao ndio sisi: mama mboga, fundi wa jua kali, mlinzi wa usiku. Neno "nafuu" peke yake halitukingi, kwa maana sheria hiyo hiyo inamhesabu humo hata anayepata shilingi 149,000. Zote zikijengwa kwa kipimo chake, sisi tutabaki kuzitazama kutoka ng'ambo ya barabara.

Na bustani isipopimwa mapema, itageuka maegesho ya magari. Bustani ya umma ya Nyayo Gardens iko mjini, lakini mtoto wa darasa la pili hawezi kwenda kucheza huko peke yake.

Hatusemi haya kwa kukosa adabu. Wageni watatu wamekutangulia kwenye jukwaa hili. Mmoja aliweka jiwe la msingi, utaliona kulia kwako, nyasi zimelifunika. Wawili walituambia tungoje bajeti. Tuliwapigia makofi, tukawaandalia chakula, na hakuna aliyerudi.

Hata kule Chicago, hospitali ya Michael Reese ilifungwa mwaka wa 2009, majengo yakabomolewa kwa matumaini ya Olimpiki ya 2016. Michezo ikaenda Rio. Ardhi ikakaa tupu hadi ujenzi ulipoanza 2023. Wao wana fedha, Mheshimiwa. Sisi tukibomolewa bila maandishi, tutangoja miaka mingapi?

Mwenyekiti sasa atakukabidhi ramani tuliyoichora wenyewe. Pale chini tumeacha nafasi ya sahihi yako na tarehe ya kuwaleta wapimaji.

Asante.

Katibu, kwa niaba ya wakazi