Namba Inayosema Kweli: Kidhibiti cha Sauti kwa Studio ya Spika Sita

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kutoka kwa wenye studio za chaneli 5.1, yaani spika tano na sabufa (spika ya besi) moja, yanafanana karibu neno kwa neno. Mchana, sauti ikiwa juu, kila kitu kiko sawa. Usiku, prodyuza anapopunguza sauti ili majirani walale, muziki unaelemea kulia na spika moja ya nyuma inakuwa kama imezimwa. Mteja hudhani spika imekufa au kadi ya sauti imechoka, na wapo waliofika karakanani kwetu wakiwa wameshabadilisha waya zote. Mara nyingi spika haina kosa lolote. Kosa liko kwenye nobu moja, yaani kirungu cha kuzungusha sauti, ambayo imebebeshwa chaneli zote sita.

Ndani ya nobu ya kawaida mna potenshiometa, yaani ukanda mwembamba wa kaboni uliopinda kama bangili iliyokatwa, na juu yake kidole cha chuma kinachotambaa kila unapozungusha. Kwa stereo kanda ni mbili kwenye mhimili mmoja; kwa 5.1 zinatakiwa sita, na ni vigumu mno kupaka kaboni kwenye kanda sita zikalingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Nobu ikiwa juu tofauti huwa ndogo na sikio huisamehe, lakini karibu na chini, mahali ambapo mzunguko mdogo tu hubadilisha sauti kwa kiasi kikubwa, tofauti ya desibeli 2 au 3 kati ya chaneli na chaneli si jambo la ajabu. Vumbi likiongezeka, na kwa sisi wa Pwani hewa ya chumvi, nobu huanza pia kukwaruza.

Anayetaka kuhakikisha haya mwenyewe achomoe spika kwanza, kisha acheze toni ya hezi 400 kwa kiwango kilekile kwenye chaneli zote, ashushe nobu hadi karibu na mwisho, na apime volti za AC kwenye kila tundu la kutolea sauti. Akikuta milivolti 20 upande wa kushoto na 14 upande wa kulia, hiyo tayari ni tofauti ya desibeli 3. Tunapendekeza hezi 400 kwa sababu multimita nyingi za bei nafuu hudanganya toni inapopanda juu.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kupunguza sauti ndani ya kompyuta, na kwa upande wa ubora hatuna ugomvi nao, kwani kwenye mfumo wa biti 24 kila biti ni takriban desibeli 6 na akiba inayobaki ni kubwa. Hofu yetu ni nyingine: programu ikijizima na kujiwasha upya, chaneli zote zinaweza kurudi kwenye kiwango cha juu kabisa wakati mtu ameketi katikati ya spika sita. Kwa hiyo tunajenga kifaa kinachokaa kati ya kadi ya sauti na spika.

Katika kifaa hicho sauti haipiti kwenye nobu. Nobu ni enkoda, yenye vituo 24 kwa mzunguko mmoja, na kazi yake ni kukieleza kidhibiti kidogo cha kidijitali kwamba mkono umekwenda kulia au kushoto. Kidhibiti hicho hupeleka namba kwenye chipu za kupandisha na kushusha sauti, aina ya PGA2310, ambazo kila moja ina chaneli mbili zilizochongwa kwenye silikoni moja, na zinazopanda na kushuka kwa nusu desibeli, kuanzia chini ya sifuri kwa 95.5 hadi juu yake kwa 31.5. Kwa kuwa waya za XLR, zile za kitaalamu zenye pini tatu, hubeba kila chaneli katika nusu mbili zinazopingana, chaneli sita huhitaji chipu sita, nazo tunaziunganisha kama mnyororo: biti 96 hupita kutoka chipu hadi chipu, kisha zote hupokea amri kwa wakati mmoja, na kila chaneli husubiri wimbi lake lipite kwenye sifuri ndipo ibadilike, ili pasisikike mlio wa ghafla. Wateja wenye ujuzi hutuuliza kwa nini hatutumii ndugu yake, PGA2311. Sababu ni kwamba yeye huendeshwa kwa volti 5 chanya na 5 hasi, ilhali kadi za kitaalamu zinaweza kutoa volti 12 au zaidi kwenye vilele, yaani 6 au zaidi kwa kila nusu, na hapo angekata vichwa vya mawimbi.

Kioo cha namba ndicho kilichotusumbua kuliko yote. Kifaa chetu cha kwanza kilikuwa na namba nyekundu za LED zilizowashwa kwa zamu, moja baada ya nyingine, haraka kiasi kwamba jicho halitambui. Jicho halikutambua, lakini sikio lilitambua: spika ndogo za sauti nyembamba zilitoa mlio mwembamba kama wa mbu, na mlio huo ulibadilika kulingana na namba. Kwenye 11 ulikuwa hafifu, kwenye 88 ulipanda, kwa sababu 88 huwasha vipande vyote vya taa na hunyonya umeme mwingi zaidi. Tuliondoa uwashaji wa zamu, tukatenganisha umeme wa namba na umeme wa sauti, ethi zake (waya za ardhi) zikakutana mahali pamoja tu, na kidhibiti kikawa kinalala mkono unapotulia. Tumebaki na LED, ingawa vioo vya OLED, ambavyo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, hupendeza zaidi, kwa kuwa namba moja ikikaa kwenye OLED kwa saa nyingi kila siku huacha kivuli chake.

Namba yenyewe haitoki 0 hadi 100, kwani 63 haimwambii fundi lolote. Tunapofunga kifaa, tunacheza mvumo wa pinki, yaani mvumo wa majaribio wenye toni nene na nyembamba zote kwa pamoja, kwa kiwango cha desibeli 20 chini ya kilele cha kidijitali, spika moja baada ya nyingine, tukiwa na mita ya sauti kwenye kiti cha mchanganyaji. Katika ukumbi mkubwa wa kuchanganyia filamu spika za mbele huwekwa kwenye desibeli 85 na za nyuma kwenye 82. Katika chumba kidogo tunashuka hadi 79 au chini yake, maana 85 ndani ya chumba cha kulala huchosha masikio kabla ya saa sita mchana. Marekebisho ya kila spika huhifadhiwa ndani ya kifaa, na mahali hapo panaitwa 0. Sabufa hupimwa peke yake, kwani chaneli yake hutakiwa kuwa juu kwa desibeli 10 na mita ya kawaida haitoshi. Tangu hapo, kioo kikionyesha −12, spika zote sita ziko chini kwa desibeli 12, na prodyuza anaweza kurudi baada ya wiki akaendelea kwa sauti ileile aliyoiacha. Hili lina uzito kwa sababu sikio husikia besi kwa udhaifu sauti inapokuwa ndogo, kama watafiti Fletcher na Munson walivyoonyesha mwaka 1933. Kazi iliyochanganywa kwenye −25 usiku huzidi besi inapochezwa kwenye 0.

Umeme ukikatika na kurudi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) huziba matundu yote hadi volti zitulie, na kifaa huanzia −40, si pale kilipoachwa. Baadhi ya wateja wameomba tubadilishe hilo, nasi tumekataa. Kitufe cha kushusha desibeli 20 kwa mara moja hufanya namba ipepese, na cha kunyamazisha huonyesha vistari viwili.

Anayetaka kuagiza atueleze idadi ya chaneli, aina ya matundu ya kadi yake, na umbali kutoka kiti hadi spika za nyuma, kwa sababu urefu wa waya huamua mahali pa kukiweka kifaa.