Uchafu wa mitambo ya gesi usikadiriwe kwa mzigo kamili pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa umeme wa gesi. Kila Kinyerezi au Ubungo inapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba gesi asilia ni nishati safi, na anayebisha huonyeshwa dohani: "Unaona moshi pale?" Moshi hauonekani, ni kweli. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa zaidi ya asilimia 95, na haina masizi kama dizeli. Ila uchafu unaowasumbua zaidi wahandisi wa tabaini za gesi, yaani mashine zinazozungushwa na gesi ya moto ili kutoa umeme, hautoki kwenye gesi. Unatoka kwenye hewa hii hii tunayovuta sisi.

Kompresa huvuta hewa, huishindilia na kuisukuma kwenye chemba ya mwako. Asilimia 78 ya hewa hiyo ni nitrojeni, ambayo kwa kawaida haina habari na mtu. Mwali ukishapita nyuzi joto 1,500 hivi, atomi za oksijeni huanza kuivunja na nitriki oksidi huzaliwa. Mwanasayansi wa Kisovieti, Yakov Zeldovich, alieleza mfuatano huo tangu miaka ya 1940. Kuanzia hapo joto likiongezeka kidogo tu, oksidi huongezeka maradufu. Ikishatoka nje hugeuka nitrojeni dioksidi, inayowasha njia ya hewa na kuwatesa wenye pumu, na jua likiwaka husaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi.

Sasa, kiasi gani? Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa fani. Ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira zilizopita mikononi mwangu hufanya hesabu moja: joto la gesi inayochomwa, zidisha kwa namba iliyotolewa kwenye jedwali, basi. Jedwali linalopendwa zaidi ni la mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, la mwaka 2000. Tuchukue tabaini ya megawati 40 ambayo theluthi moja ya joto lake ndiyo inayogeuka umeme. Itakuwa inachoma gigajouli 430 hivi kwa saa. Kwa chemba ya kisasa, inayochanganya gesi na hewa nyingi kabla ya kuwasha, jedwali linatoa gramu 43 kwa kila gigajouli, yaani kilo 18 na ushee za oksidi za nitrojeni kwa saa. Kwa chemba ya zamani isiyo na udhibiti wowote ni gramu 138, karibu kilo 60. Mtambo ukubwa ule ule, gesi ile ile, na tofauti ni zaidi ya mara tatu kwa sababu ya umbo la mwali tu.

Wasomaji wengi wa jedwali hilo huruka sentensi moja: namba hizo ni za mtambo unaobeba asilimia 80 ya mzigo wake, yaani ya umeme wote unaoweza kutoa, au zaidi. Chini ya hapo hazikuhusu.

Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha udhibiti, na naweza kueleza kinachotokea mzigo ukishuka. Chemba ya kisasa huishi ukingoni. Mchanganyiko wake ni mwembamba kiasi kwamba ukiupunguzia gesi kidogo zaidi, mwali unazimika. Kwa hiyo umeme unaotakiwa ukipungua, kompyuta huhamishia sehemu kubwa ya gesi kwenye paileti, kimwali cha katikati kinachowaka bila kuchanganywa vizuri, ili mtambo usizime. Kimwali hicho ni cha moto mkali. Joto la wastani la chemba limeshuka, kila geji ya ukutani inaonyesha unafuu, lakini kile kipimo cha dohani kinapanda mara kadhaa. Watengenezaji wanalijua hili fika. Ndiyo maana ahadi yao ya sehemu 25 au 15 za oksidi kwa kila sehemu milioni za moshi kwa kawaida huanzia nusu ya mzigo kwenda juu, na chini ya hapo mkataba unanyamaza. Anayeishi jirani na mtambo wa aina hii huweza hata kuona alfajiri, unapowashwa, wingu jepesi la rangi ya manjano juu ya dohani. Si vumbi lile. Ni nitrojeni dioksidi iliyokolea kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kwa nini nalisema leo? Kwa sababu ya Bwawa la Julius Nyerere. Mashine zake 9, kila moja megawati 235, zina jumla ya megawati 2,115, na ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024. Kabla ya hapo gesi ilikuwa ikitoa zaidi ya nusu ya umeme wetu, na mitambo ya Dar es Salaam ilikuwa na kazi ya mfululizo. Gridi yenye maji mengi kiasi hiki huipa gesi kazi nyingine: kuziba pengo jioni, kukaa tayari, kuwashwa na kuzimwa. Mtambo kama Kinyerezi II wa megawati 240, unaotumia joto la moshi kuchemsha maji na kupata umeme wa ziada, una jambo jingine tena. Kwa mitambo ya aina hiyo, tabaini ya gesi hushikiliwa kwenye mzigo mdogo mpaka boila na tabaini ya mvuke zipate joto taratibu. Ni sawa na daladala: ukipima mafuta yake barabara ikiwa nyeupe, hujajua chochote kuhusu foleni ya saa kumi na moja jioni. Jumla ya tani kwa mwaka inaweza kushuka, nakubali, na nafurahi. Lakini kilo kwa kila uniti ya umeme, na hasa kilo za saa moja ile ya alfajiri ambayo upepo umelala, hazimo kwenye makadirio ya mzigo kamili.

Kuna mtego mwingine mdogo kwenye kusoma kipimo. Kikomo cha sehemu 25 kwa milioni, ambacho pia kimo kwenye mwongozo wa Benki ya Dunia wa 2008 kwa tabaini za gesi, kinahesabiwa pale oksijeni ya moshi ikiwa asilimia 15. Mzigo ukiwa mdogo, hewa ya ziada ni nyingi na oksijeni inaweza kufika 17. Fundi akisoma 20 kwenye kifaa chake anaandika "imepita". Afanye hesabu, akitoa 15 na kisha 17 kutoka asilimia 20.9 ya oksijeni iliyomo kwenye hewa safi: 20 mara 5.9 gawanya kwa 3.9. Jibu ni 30. Halafu kuna unyevu wetu wa pwani, ambao hupooza mwali na kupunguza oksidi. Kanuni ya zamani ya Marekani ya kurekebisha vipimo, ukiitumia kwa siku ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, inapandisha kipimo kwa karibu asilimia 20 ili kulinganisha na hali ya kawaida ya nyuzi 15. Tunapata nafuu ya bure kutoka Bahari ya Hindi, ila tusiihesabie mashine.

Dawa ipo na si ghali. Shinikizo na joto la hewa inayotoka kwenye kompresa, kiasi cha gesi, mgawo wa paileti, joto la moshi: vyote tayari vinarekodiwa kila sekunde na kompyuta za mtambo. Programu inayofundishwa uhusiano wa namba hizo na kipimo halisi cha dohani inaweza kukadiria oksidi saa kwa saa, mradi fundi aje na kifaa mara kwa mara kuihakiki, na aje pia mtambo ukiwa kwenye nusu na robo ya mzigo. Norwei ilianza kutoza kodi ya oksidi hizi mwaka 2007, na tabaini nyingi za kwenye majukwaa yake ya mafuta zinakadiriwa kwa njia hiyo. Asiyepima hukadiriwa kwa namba ya jumla iliyowekwa na kanuni, naye hulipa kwa namba hiyo.

Kwa NEMC, baraza letu la taifa la mazingira, na wamiliki wa mitambo nina ombi moja. Ripoti ijayo ya kila kituo iwe na safu tatu badala ya moja: kilo kwa saa kwenye mzigo kamili, kwenye nusu ya mzigo, na wakati wa kuwasha, pamoja na saa ambazo mtambo ulikaa kwenye kila hali kwa mwaka mzima. Saa hizo zimo kwenye kumbukumbu za zamu. Nimezijaza mwenyewe kwa mkono wangu, na hakuna aliyewahi kuja kuziomba.

Mhandisi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam