Baba, sasa nauelewa ule mstari

Nottingham,
Jumapili usiku

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima hapo Umoja, wewe, Mama na Shosho. Mimi huku ni mzima, ila baridi imeshika, na siku hizi saa kumi na moja jioni haijafika giza limeshatanda.

Juzi Mama aliniona kwenye simu ya video akauliza ni wanasesere gani hao wamejaa mezani. Nilimjibu harakaharaka maana nilikuwa natoka kwenda kazini. Jibu lenyewe nataka nikupe wewe, kwa sababu linakuhusu.

Ni vijisanamu vya askari na mazimwi. Kimo chake ni milimita 28 hivi, kama pingili ya kidole gumba. Vingi hutengenezwa papa hapa Nottingham, na watu huvinunua vikiwa plastiki ya kijivu, kisha huvipaka rangi wenyewe. Mwenzangu wa kazini alinipa cha kwanza. Nilikipaka rangi nzito kama uji, macho na pua vikazama, uso ukawa donge. Nikataka kukitupa na kuacha, kama nilivyoacha kila kitu. Zile daftari zangu za michoro unazijua, Baba, ziko hapo chini ya kitanda na hakuna hata moja iliyofika mwisho.

Safari hii nikajiwekea sharti. Kila nikitoka shifti ya usiku, kabla sijalala, nakaa mezani nusu saa, niwe na hamu au nisiwe nayo. Kipya sikigusi mpaka kilicho mezani kikamilike, na kikikamilika naandika tarehe chini ya kitako chake. Kuna siku nimechoka hoi, napaka kifungo cha mkanda tu, naosha brashi nalala. Tangu Januari vimefika 41.

Kazi yenyewe ni ile yako ya kupaka rangi matatu, imepunguzwa tu. Kwanza unakwangua, unaosha, unapiga undakoti, ile rangi ya chini. Rangi unailainisha kwa maji, unapaka tabaka jembamba, unangoja likauke kabisa, unapaka la pili. Kisha unamwagia rangi nyeusi nyepesi kama chai ya strungi, inatelemka yenyewe mpaka kwenye mikunjo ya nguo na kutulia huko, na kivuli kinajitokeza. Rangi isinikaukie, nimeweka sponji yenye maji ndani ya kidebe cha plastiki cha chakula, juu nikatandaza karatasi ya kuokea mikate, na rangi naiweka hapo.

Jicho ndilo lililonifunza zaidi. Halifiki hata nusu ya punje ya wimbi. Naegemeza viwiko mezani, nabananisha viganja ili mkono usitetemeke, nabana pumzi, nagusa nyeupe, halafu nukta moja nyeusi. Ikienda kombo nairekebisha kwa rangi ya ngozi na kuanza upya. Jicho moja limewahi kunila siku nne.

Hapo ndipo nilipokukumbuka gareji, ukivuta mstari mrefu ubavuni mwa nganya ya 58, ile matatu ya michoro, kutoka mlango wa dereva hadi taa za nyuma, bila kuinua brashi. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la thina, nikishangaa mbona na wewe hupumui. Halafu sheria za 2004 zikaja, matatu zikapigwa mstari wa manjano na michoro ikafutwa. Kazi zikakauka, ukawa unaandika mabango ya bucha na vinyozi. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, ulichukua kile kipande cha bati nyuma ya nyumba, ukavuta mistari, ukaifuta kwa kitambaa, ukaivuta tena. Hakuna aliyekulipa. Nilidhani unajiliwaza tu. Michoro iliporuhusiwa tena baada ya miaka kumi hivi, mkono wako ulikuwa ule ule, na wenye magari wakakufuata nyumbani. Sikuwahi kukwambia nilivyojivunia siku ile.

Mwezi wa nane nimemaliza daftari zima la michoro, Baba. La kwanza maishani mwangu, kurasa 60.

Sasa nina ombi. Nimenunua kibasi kidogo, kinaenea kiganjani, nataka kukipaka kiwe ile 58 yako. Muombe dada anipigie ile picha yake iliyotundikwa sebuleni, karibu, ubavu wenye ule mstari. Na uniambie: ulianza na nyekundu ndipo ukazungushia nyeupe, au nyeupe ilitangulia? Kwenye kumbukumbu yangu inabadilika kila nikifikiria.

Nimemtumia Mama pesa kidogo kwa M-Pesa. Humo mna za brashi mbili za mpwa wangu, maana naambiwa anachora kwenye kuta. Mpe na kile kipande cha bati, kama bado kipo.

Wasalimie wote.

Mwanao