Imeandikwa kazi gani?

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila mgongo wa mama yako ndio bado unasumbua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho peke yangu barazani baada ya isha, cherehani nimeshaifunika. Nimeshukuru sana. Sikujua kama maneno yangu umekaa nayo miaka yote hii na unaweza kuyataja moja moja.

Sasa niambie: kwenye mkataba wako imeandikwa kazi gani?

Unasema unakwenda Maskati kushona magauni. Hayo wakala amekwambia kwa mdomo, mimi nauliza karatasi inasema nini. Ijumaa alikuja yule mteja wangu mwanasheria, wa suruali za kijivu, nikamuuliza huku nampima. Akasema sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 imeweka saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, lakini wafanyakazi wa majumbani haiwahusu, wao wamewekewa kanuni za peke yao. Kwa hiyo ukiandikwa fundi cherehani, sheria hiyo ni yako. Ukiandikwa mfanyakazi wa ndani, hata wakikushindisha kwenye cherehani kutwa nzima, si yako. Ni neno moja tu, mama. Na kibali cha kukaa kinafungwa kwa huyo aliyekuita, huwezi kuamka asubuhi ukahamia kwa mwingine kama tunavyohama fremu hapa mjini.

Akanitajia na ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017. Walizungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na karibu wote walisema pasipoti zao zilishikwa. Tangu Ijumaa hiyo usingizi wangu ni wa kuamka amka.

Umenishukuru kwa mambo matatu. La kuamka kabla ya adhana, sawa, hilo litakufaa popote. La kutochukua fedha ya mteja kabla ya kumpima, nalo sawa, na nimefurahi umelishika kuliko kaka yako. Lile la tatu, kwamba nilikufundisha kuvumilia na kutomjibu mkubwa, ukatolea mfano ule usiku wa sketi za marinda, nilipokulaumu kwa vipimo vya kiuno nawe ukanyamaza, hilo naomba unirudishie. Daftari la vipimo la mwaka ule bado ninalo. Ukifungua ukurasa wa zile sare utakuta kiuno inchi 28, na mwandiko ni wangu. Nililiona asubuhi yake, ulipokuwa umeshakwenda shule na macho mekundu. Mwalimu alitaka 26.

Kwa hiyo wakala akikwambia saini hapa tumechelewa, mjibu. Mwambie baba yangu ameniamuru nisome kwanza. Mkataba ukiwa wa Kiarabu, tafuta mtu wa kukusomea asiyelipwa na wakala. Wewe ukiona mkubwa amekunja uso unainama, nakujua, na aliyekuzoesha kuinama namjua pia.

Halafu usije ukalegea kwa sababu mwenyeji wako amekuamkia kwa Kiswahili. Waomani wenye asili ya Unguja wako wengi, na wengi wao ni watu wema. Kiswahili chake ni cha kuongea naye tu, mkataba utausoma vilevile.

Gauni la bluu ninalokuletea kwa mkono wa binti wa shangazi yako, atakayepanda basi la asubuhi pale Kange, ligeuze ndani. Kwenye bitana, chini ya kwapa la kushoto, nimeshona mfuko. Weka humo nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba na namba ya ubalozi wetu wa Maskati iliyoandikwa kwa kalamu, maana simu inaweza kuchukuliwa. Mshono wa mfuko nimeupitisha mara mbili. Mkono wa gauni sikuukaza, utaukaza mwenyewe, wewe mikono ya gauni unaiingiza vizuri kuliko mimi. Wateja wanalisema hilo mbele yangu, nami huwa naitikia tu. Nilipaswa kukwambia zamani.

Ila nilikasirika, usidhani sikukasirika. Safari umeipanga miezi, mimi nimeambiwa zikiwa zimebaki siku kumi. Mama yako alijua. Ningekuzuia, ni kweli, pengine ndiyo sababu.

Bati la jikoni limeanza kuvuja pale pale. Fundi anataka tununue mawili, mimi naona moja litatosha, mama yako hataki kusikia. Wale wa sare za Januari bado hawajalipa wote, kwa hiyo bati litangoja. Usitume fedha mshahara wa kwanza ukifika, nakukataza. Nunua viatu vizuri, ununue na salio la kunipigia. Huko wako mbele yetu kwa saa 1, ukipiga baada ya isha yako huenda mimi bado sijaswali yangu, subiri kisha upige tena.

Mkanda wa cherehani umekatika Jumatano, nimeufunga kwa uzi wa kuvulia na unateleza. Kama utapita Kariakoo kabla ya Alhamisi, nichukulie mmoja wa cherehani ya miguu, umpe huyo huyo binti arudi nao. Na huo ukurasa wa kazi, upige picha leo hii hii, nitumie kabla hujalala. Simu naiweka karibu na mto.

Baba yako