Kabla ya kumfukuza kocha, angalieni taa za uwanja

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala wa kama kocha afukuzwe au abaki, uliowagawa mashabiki wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Sitakitaja jina, kwanza kwa sababu uongozi wake haupo hapa kujitetea, na pili kwa sababu nina hakika wapo wasomaji wa vyuo vingine watakaodhani ninawasema wao. Timu yetu ya wavulana imemaliza msimu ikiwa imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na tangu mechi ya mwisho hakuna jioni inayopita pale kwenye kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, nje ya lango la chuo bila watu wazima kurushiana maneno mpaka mkaanga mayai anawaomba wapishe wateja.

Mimi si kocha wala sikuwahi kuwa mchezaji wa kutajwa. Ni mwalimu mstaafu niliyelelewa katika kambi za jeshi, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uwanjani, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa kwenye meza ya waandishi wa mchezo nikiandika pointi na faulo. Anayeijua kazi hiyo atakumbuka kwamba mwandishi hutakiwa kuwa na kalamu mbili, nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, bluu au nyeusi kwa robo ya pili na ya nne. Kikapu cha kawaida hupigiwa mstari wa mshazari juu ya namba, mtupo huru ulioingia, yaani ule anaopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, huwekewa nukta nzito, na faulo iliyozaa mitupo miwili huandikwa P yenye 2 ndogo pembeni yake. Ninayaeleza haya kwa sababu hoja yangu yote imo katika karatasi hizo. Nilipozitandaza nakala za msimu huu juu ya meza ninayolia chakula, niliona jambo ambalo kelele za kibandani hazijaligusa: katika mechi nyingi tulizofungwa, tulikuwa tukiongoza au tukilingana hadi wino mwekundu wa robo ya tatu ulipokwisha. Tulifungwa katika dakika kumi za mwisho, kwa wino wa bluu, na mara nyingi zaidi tulifungwa tukiwa tumesimama kwenye mstari wa mtupo huru, mahali ambapo hakuna anayekuzuia wala kukusukuma.

Nitoe mfano wa jioni moja. Tulikuwa mbele kwa pointi sita, zimebaki dakika nne. Wapinzani wetu, klabu ya wanaume wenye ajira zao na vifua vyao, walikuwa wameshafikisha faulo nne za timu katika robo hiyo, kwa hiyo kila walipotugusa tena tukijaribu kushambulia tulipewa mitupo miwili. Mchezaji wetu anayeongoza mashambulizi, kijana wa mwaka wa tatu, alikuwa amefika uwanjani mchezo ukiwa umeshaanza, akitokea kwenye mafunzo ya kazi Entebbe kwa taksi iliyonasa kwenye foleni. Alizifunga kamba za viatu vyake, moja nyeupe na nyingine ya kijani, huku kocha akimnong'oneza, akaingia, na hakutoka tena. Alipopelekwa mstarini niliiona kaptula yake ikitikisika magotini ingawa hapakuwa na upepo. Akadundisha mpira mara tatu kama afanyavyo siku zote, akarusha, mpira ukagonga ukingo wa mbele wa ringi. Nautaja ukingo wa mbele makusudi, kwa kuwa mpira unaokwenda pembeni umekosa shabaha, lakini unaofia mbele kwa kawaida umekosa miguu. Nyuma yangu bwana mmoja akapaza sauti kwamba mtoto huyo arudishwe kwa mama yake. Mtupo wa pili nao ukagonga palepale. Tulifungwa kwa pointi mbili. Watu walipokwisha kutawanyika kijana alikuja mezani, akasema, "Mzee, naomba nione karatasi," akaweka kidole kwenye mstari wa jina lake, akahesabu kimya kimya, akanishukuru, kisha akaenda kutafuta bodaboda.

Wanaotaka kocha afukuzwe watasema kwamba ni kazi yake kumpumzisha kijana kama huyo, na katika hili sitamtetea moja kwa moja. Ni kweli kwamba huwachezesha watano walewale mpaka mmoja apate faulo ya tano atolewe. Ni kweli pia kwamba kanuni humpa mapumziko mafupi matatu ya kuomba katika nusu ya pili ya mchezo, naye huyamaliza mapema, akabaki mikono kifuani wakati timu inazama. Lakini mimi nakaa hatua chache tu kutoka kwenye benchi lake, na ninaona kilichopo pale. Kanuni zinaruhusu wachezaji kumi na wawili, ilhali kuna jioni tumeanza mchezo tukiwa na wanane, kwa sababu mmoja ana mtihani asubuhi, mwingine yuko kwenye mafunzo ya kazi Mbarara, na wa tatu hajamaliza ada na anaona haya kuonekana chuoni. Yale mapumziko anayoyaomba mapema ni ya kuwapa watoto pumzi. Kocha mwenye wachezaji wa kubadilisha asingeyatumia hivyo.

Sasa niseme ninachoamini kuwa ndicho kiini. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la Kampala halijui majira: mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na kidogo jioni. Vipindi vya mchana huisha saa kumi na moja. Mwanafunzi akienda kubadili nguo na kufika uwanjani saa kumi na moja na nusu, amebakiwa na saa moja na dakika chache za mwanga. Taa za uwanja wetu ni nne, mbili zimekufa, na ya tatu huwaka ikijisikia. Kwenye ratiba ya chuo, Jumanne na Alhamisi ni siku za timu. Nimekwenda Jumanne moja nikakuta mahema ya mahafali yamesimikwa katikati ya uwanja, nikaenda Jumanne nyingine nikakuta magari ya wageni wa semina yameegeshwa hadi chini ya ringi, na mlinzi akaniambia kwa upole kwamba hana amri ya kuyaondoa. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zinafanya lililobaki, maana sakafu yetu ni ya saruji iliyo wazi, na ikilowa hakuna kocha mwenye akili timamu atakayewakimbiza watoto juu yake.

Mazoezi yakifupishwa, kinachokatwa ni kile kinachowekwa mwisho. Kocha yeyote huanza na kupasha viungo moto, halafu pasi, halafu mipango ya kushambulia na kuzuia, kisha ndipo huja mbio za kujenga pumzi na mitupo huru inayopigwa mchezaji akiwa amechoka. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani, kwa sababu kutupia mpira kikapuni umbali wa mita 4.6 kutoka kwenye ubao si kazi ngumu kwa kijana aliyetoka kuamka. Ugumu wake huja pale ambapo mapaja yamekwisha na mwamuzi anakuhesabia sekunde tano. Wavulana wetu hawaifikii sehemu hiyo ya mazoezi. Giza linawakuta kwenye mipango ya kushambulia. Ndiyo maana karatasi zangu zina nukta nyingi nzito katika robo ya kwanza na chache katika robo ya nne.

Kuna shabiki atakayeniuliza kuhusu mabinti. Timu ya wasichana ya chuo hicho hicho hutumia uwanja huo huo na imefanya vizuri kuliko kaka zao. Swali ni la haki, na jibu lake si la kuwafurahisha sana wavulana: wasichana waliamua wenyewe kufanya mazoezi alfajiri, mara tu kunapopambazuka. Ila bweni lao limepakana na uwanja, wakati wengi wa wavulana wamepanga vyumba mbali, wengine taksi mbili kutoka chuoni, na nauli ya alfajiri hakuna anayewarudishia. Nusu ya lawama naiacha kwao. Nusu nyingine naipeleka kwa waliopanga mabweni.

Wako pia wanaosema tulete wachezaji kutoka nje, na hoja yao hupambwa kila mara kwa jina la Ishmail Wainright, mzaliwa wa Marekani, na kikosi cha Silverbacks, timu yetu ya taifa, kilichoifunga Nigeria na kufika robo fainali ya AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, mjini Kigali mwaka 2021. Nilishangilia siku ile mpaka nikapoteza sauti. Hata hivyo Wainright alipitia Chuo Kikuu cha Baylor kule Marekani, ambako msimu wa vyuo huanza Novemba na kufikia kilele Machi na mwanzoni mwa Aprili, na ambako ratiba ya ligi yenyewe ni ya vyuo dhidi ya vyuo. Hapa kwetu timu ya wanafunzi inatumbukizwa katika ligi moja na klabu kama City Oilers, waliokusanya ubingwa msimu baada ya msimu kuanzia mwaka 2013 na kuiwakilisha Uganda katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika mwaka 2023. Ligi yetu ya hapa nyumbani haisimami kwa ajili ya mitihani ya Mei wala kwa ajili ya likizo ndefu ambayo nusu ya kikosi huwa kijijini. UCU Canons na KIU Titans wameonyesha kwamba timu ya chuo inaweza kuzisumbua klabu kubwa, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Nasema kwamba mchezaji wa kuletwa, akifika kwetu, atakutana na mahema yaleyale.

Lililonisikitisha zaidi ni pendekezo la bwana mmoja, tena mhitimu wa chuo hicho, kwamba timu ivunjwe kwa kuwa "inatuaibisha." Ningependa asikie habari za taasisi ya sayansi ya Caltech, Pasadena, Marekani, ambayo imejaa washindi wa Tuzo ya Nobel na ambayo timu yake ya kikapu ilifungwa mechi 207 mfululizo dhidi ya wenzake wa daraja lake, hadi tarehe 6 Januari 2007 ilipokifunga Chuo cha Bard 81 kwa 52. Katika kundi lao la vyuo vya jirani walikaa zaidi ya miaka 25 bila ushindi, mechi 310, kabla ya kukifunga Chuo cha Occidental 46 kwa 45 mwezi Februari 2011, na pointi iliyoamua mchezo ule ilikuwa ya mtupo huru sekunde chache kabla ya filimbi ya mwisho. Hakuna aliyeivunja timu. James Naismith mwenyewe, aliyeubuni mchezo huu Springfield mwaka 1891, alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas akashinda mechi 55 na kufungwa 60. Kwa vipimo vya kibanda chetu cha rolex, mtu aliyeuvumbua mpira wa kikapu angefukuzwa kazi kwa kutoujua.

Ombi langu kwa uongozi wa chuo, ambao najua husoma gazeti hili kwa sababu ofisi yao ya mapokezi huliweka mezani, ni dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika gazetini. Taa mbili zilizokufa zibadilishwe, na ile ya tatu itazamwe na fundi. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili usiku, uwanja uwe uwanja, na anayetaka kusimika hema au kuegesha gari apelekwe kwenye nyasi nyuma ya maktaba, ambako nafasi ipo. Wachezaji walio kwenye mafunzo ya kazi wapewe barua ya kuwaombea ruhusa saa kumi siku za mechi, barua ambayo nimeambiwa imesubiri sahihi tangu muhula uliopita. Baada ya hayo, msimu ujao ukienda vibaya tena, mimi mwenyewe nitakuja kibandani kuwasikiliza wanaotaka kocha aondoke, na nitakuja na karatasi zangu.

Kwa yule bwana aliyekaa nyuma yangu jioni ile, sina ugomvi naye, maana alilipa kiingilio chake na ana haki ya kukasirika. Namkaribisha tu Jumanne ijayo uwanjani, saa moja kamili usiku, wakati kijana mwenye kamba ya kijani hujaribu kupiga mitupo yake peke yake. Aje na tochi.

Wako mtiifu,
Mwandika pointi,
Ntinda, Kampala