Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa bodi ya filamu: tuandikieni sababu

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida nimeshaleta na majibu ni yaleyale, faili lako liko mezani, linashughulikiwa, pita wiki ijayo. Ya juzi ndo imenifikisha mwisho. Ukumbi tumeshalipia, waigizaji wameshaalika wazazi wao, halafu mchana wa siku ya onyesho napigiwa simu na mtu wa ofisini kwako ambaye hata jina hakutaja, ananiambia filamu isioneshwe maana ina sini ya kutoa mapepo na watu wanaweza kupandisha mashetani humohumo ukumbini. Nikauliza nani kaamua, akasema ni maelekezo. Nikaomba karatasi, akakata simu.

Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulisimama mbele yetu sisi watengeneza filamu wadogo ukasema hakuna kazi itakayozuiwa bila mwenyewe kuandikiwa sababu. Tulikupigia makofi. Mimi nilikuwemo, nikaamini, na kwa kuamini huko nikauza kamera yangu ya pili ili nimalizie sauti.

Ngoja niseme kuhusu hiyo sauti maana nahisi huko ofisini kuna watu wanadhani tumecheza na mambo ya gizani. Ile sauti ya pepo ni ya binti huyohuyo anayeigiza, tulimfunika mablanketi ananong'ona kwenye maiki, tukaishusha kidogokidogo kwenye kompyuta mpaka ikawa nzito halafu tukailaza chini ya sauti yake ya kawaida ili anayesikiliza asijue inatokea wapi. Kitanda kinachotikisika ni vijana wawili wamelala chini ya chaga, wanakisukuma kwa miguu huku wamebana pumzi ili maiki isiwanase. Damu karibu hakuna. Kinachotisha ni giza, kimya, na mlango usiofunga vizuri. Nyumba moja tu, mwanzo mpaka mwisho.

Na ndo maana watu wasio na hela wanakimbilia filamu za aina hii duniani kote, siyo kwamba tunapenda ushetani. Oren Peli kule Marekani aliipiga Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa dola kama 15,000 tu, ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 190. The Exorcist ya 1973, ambayo yenyewe ilikuwa na hela, iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar. Sasa mapepo kwenye filamu yamekuwa kosa lini?

Mimi nahisi, na nisahihishwe kama siyo, kwamba kuna mtu kaangalia trela peke yake akaogopa akaandika ripoti. Kwa sababu mtu aliyeifikisha mwisho hawezi kusema tunaeneza ushirikina. Binti kwenye hadithi yetu ana kifafa. Kuna sehemu mama yake anahesabu vidonge mkononi, anamwangalia mtoto kalala, anavirudisha kwenye kikopo na kukificha juu ya kabati nyuma ya sanduku kwa sababu kaambiwa dawa zinamzuia Mungu kufanya kazi. Kuanzia hapo kila kitu kinaharibika. Hiyo ndo filamu yenyewe mheshimiwa!

Na hayo hatukuyaota. Anneliese Michel, binti wa Ujerumani, alikutwa na kifafa, baadaye ikaaminika amepagawa, akafanyiwa ibada za kutoa pepo 67 kati ya 1975 na 1976, akafariki Julai 1976 akiwa na miaka 23, amekonda mpaka amebaki na kilo kama 30 kwa kukosa chakula. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadri wawili kwa uzembe uliosababisha kifo. Watu waliompenda kabisa. Hilo ndo lililonifanya niandike skripti, kwamba mtoto anaweza kufa huku kila aliyemzunguka anamwombea.

Mtu wako akasema pia tunatukana dini. Sikubali. Sheria za Kanisa Katoliki zenyewe, kanuni ya 1172, zinasema hakuna wa kumtoa mtu pepo bila ruhusa ya wazi ya askofu, na utaratibu wao uliotolewa upya 1999 unataka kwanza ijulikane kama mtu haumwi. Padri kwenye filamu yetu ndiye pekee anayeuliza huyu mtoto ameonwa na daktari? Anauliza katikati ya sini hiyohiyo mnayoilalamikia. Nikiikata kinabaki kelele na kitanda kinachotikisika, yaani mtakuwa mmeniachia kile hasa mnachokiogopa.

Huku mimi nadaiwa kila kona. Waliojitolea kulala chini ya kile kitanda bado hawajaona hata senti na simu zao naziogopa kuzipokea. Binti alichubuka magoti, akarudia na kurudia bila kulalamika, na baada ya onyesho kuzuiwa mama yake kanipigia analia anauliza kama mwanawe kaigiza kitu haramu. Nimjibu nini? Mimi mwenyewe sijaambiwa.

Kama mnaona nzito kwa watoto wekeni 18, nakubali leo, bango nitalichapisha upya. Lakini kaa uiangalie mheshimiwa, wewe siyo msaidizi, hadi mwisho, halafu niandikie. Nipe karatasi yenye sahihi yako inayosema ni sini ipi, dakika ya ngapi, inavunja kifungu gani. Ikiwa ni ndiyo iandike. Ikiwa ni hapana iandike pia, ili nijue nakata rufaa dhidi ya nini, maana simu isiyo na jina siwezi kuikatia rufaa.

Nasubiri karatasi.

Ni mimi, dairekta wa filamu mliyoizuia